Barazani kwa Bibi Karani: Nyumba ya marehemu, kilemba na pweza wa bamvua

Mwezi huu barua zimekuja za kuhamia Tanga tu. Zamani tulikuwa tunataniwa: Tanga, waja leo waondoka leo. Siku hizi mnakuja na makabati na mafriji, na wengine mnauliza bei ya nyumba hata hamjashuka kwenye basi pale Kange.

Kwa wasomaji wapya: mimi si wakili. Nilikuwa karani wa mawakili hapa mjini kwa miaka 31, nikaanza na mashine ya taipu ya kupigia karatasi tatu na kaboni, nikamaliza na kompyuta iliyonitia miwani. Mikataba ya nyumba niliyoipiga chapa ni mingi, na walioirudisha wakilia ni wengi pia. Nikikwambia nenda kwa wakili, nenda. Usije ukasema Bibi kasema inatosha.

Shikamoo Bibi Karani. Mume wangu amepata kazi bandarini, tunahama na watoto wawili. Wenzake wanamwambia tukae Raskazone, dada yangu aliyewahi kuishi huko anasema twende Ngamiani. Tufuate lipi? — Mama wa wawili, Tabata

Marahaba mwanangu. Wote wawili wamekwambia kweli, ila kila mmoja amekwambia kweli yake.

Raskazone kuzuri, nani akatae? Miti mikubwa, viwanja vipana, upepo wa bahari mpaka sebuleni, na jioni unashuka na watoto ufukweni mnakiangalia Kisiwa cha Toten mbele yenu. Lakini saa moja ya usiku kitunguu kikikuishia, utavaa viatu. Na jirani utamjua kwa rangi ya gari lake.

Ngamiani iko ng'ambo ya reli. Tangu enzi za Wajerumani reli ndiyo iliyogawa mji huu, huku bandari, maofisi na nyumba za wakubwa, kule wenye mji. Mitaa yake imenyooka kama daftari la hesabu na barabara zinaitwa kwa namba, kwa hiyo mgeni hapotei. Mtoto wa darasa la pili anaweza kutumwa Barabara ya 12 akarudi na chenji. Nyumba zimegusana. Kitunguu kiko mlango wa pili, na kama mwenye duka amefunga, utagonga dirisha. Ila utajua nani kaoa, nani kaacha, nani kapika nini. Adhana ya alfajiri utaisikia kutoka pande tatu zisizopatana dakika. Harusi ikiwa mtaani, usiku huo hulali, na ukinuna watakuuliza kwa nini hukuja.

Kama wewe ni mtu wa kujifungia, Ngamiani itakuchosha kabla ya mwezi. Kuna mitaa ya katikati kama Chumbageni na Chuda, kuna utulivu kidogo na soko si mbali.

Ninalokusisitiza ni hili: msinunue. Pangeni kwanza. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, itauma, lakini miezi sita ya kodi ni bei ndogo kuliko nyumba usiyoipenda. Na miezi hiyo iangukie masika. Nyumba ya kuangalia mwezi wa pili, jua linawaka na mchanga mkavu, kila moja ni nzuri. Njoo Aprili, mvua imepiga siku tatu, usimame uani uone maji yanaelekea wapi. Yakielekea jikoni, umeshajibiwa.

Fungua na koki. Mamlaka yetu ya maji mwaka 2024 iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati za kukopa kwa wawekezaji, ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma, na sisi tukajisifu kwelikweli. Lakini hatifungani haikuambii kama bomba la nyumba unayoitazama limeota kutu. Fungua asubuhi, fungua na usiku.

Mnunulie mumeo baiskeli. Mji wetu ni tambarare, na hakuna atakayemcheka.

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu, nimeweka akiba miaka mingi. Nimepata nyumba Ngamiani: vyumba sita, ukumbi katikati, ua mkubwa wenye mkungu, baraza mbele. Anayeuza ni mtoto mkubwa wa familia. Hati ipo, ila imeandikwa jina la babu yao ambaye ni marehemu. Dalali ananiambia kuna mnunuzi wa Dar anayeitaka kwa sababu ya bomba la mafuta, nilipe nusu wiki hii. Mke wangu anasita. Nifanyeje? — Mwalimu, Korogwe

Marahaba mwalimu. Mpe mkeo salamu zangu, kisha kaa chini. Hii nitaijibu kwa urefu.

Mwaka 1994 mimi mwenyewe, karani wa mawakili, niliyekuwa napiga chapa mikataba ya watu kutwa, nilinunua nyumba kwa mtoto mkubwa wa marehemu. Nilikuwa nimeipenda. Ilikuwa na ukumbi mpana wa sakafu nyekundu iliyosuguliwa kwa nta, na uani kulikuwa na mpilipili unaozaa mwaka mzima. Muuzaji alikuwa mtu mpole, anaswali safu ya mbele. Tukaandikiana, mashahidi wanne, muhuri wa mtaa, nikalipa. Mwezi wa tatu akaja mwanamke kutoka Pangani na begi, akaketi barazani kwangu akasema: mimi ni dada yake, na tuko watano. Sikumfukuza, nikampikia chai. Miaka sita tulikwenda mahakamani mimi na yeye, na mara nyingine tulipanda daladala moja. Mwishowe niliinunua nyumba ileile mara ya pili, kwa wale wanne waliobaki. Yule mpole mpaka leo simjui aliko.

Kwa hiyo ninapokwambia mtoto mkubwa si mwenye nyumba, nakwambia kwa gharama.

Mtu akifa, nyumba yake haihamii kwa mtoto mkubwa wala kwa aliyekaa na funguo. Lazima awepo msimamizi wa mirathi, na msimamizi huteuliwa na mahakama. Familia inakaa kikao, inaandika muhtasari, inapeleka jina mahakamani, tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, ndipo barua ya usimamizi itolewe. Muulize muuzaji wako: barua iko wapi? Akikuonyesha muhtasari wa kikao cha ukoo, huo ni mwanzo wa safari. Watu wengi wanauziwa nyumba kwa muhtasari wa kikao.

Barua ikiwepo, ichukue namba ya shauri uende mahakamani mwenyewe ukaulize kama ni ya kweli na kama shauri halijafunguliwa upya. Kisha waombe warithi wote waweke saini za ridhaa, hata aliyeolewa Mombasa, hata aliyeko Muscat. Msimamizi ana mamlaka ya kuuza, lakini mrithi aliyekasirika ana mamlaka ya kukukosesha usingizi. Na jina kwenye hati lazima lihamie kwanza kwa msimamizi, kwa nafasi yake hiyo, ndipo lihamie kwako. Hairuki kutoka kaburini kuja Korogwe.

Hapo hapo uliza jambo ambalo wageni hawaliulizi: je, si wakfu? Mji wetu una nyumba ambazo wazee waliziweka wakfu, kwa msikiti, kwa madrasa, au kwa vizazi vyao. Nyumba ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi kama mali nyingine, hata wajukuu wakiwa na njaa. Hili karatasi inaweza isikwambie. Atakuambia mzee anayekunywa kahawa baraza la mkabala. Nenda saa kumi alasiri, nunua kahawa na kashata, usianze na nyumba. Anza na mpira. Taja Coastal Union na ubingwa wa 1988, kisha nyamaza usikilize. Dakika ishirini zitapita ndipo mmoja atakuuliza: wewe ndiye uliyekuja na dalali jana? Kuanzia hapo utaambiwa yote, pamoja na lile la mtoto wa nje.

Ukitoka barazani nenda ofisi ya ardhi, ukafanye upekuzi. Kwa ada ndogo wanakupa taarifa rasmi ya kilichomo kwenye daftari: jina la mmiliki, muda wa hati, kama kuna mkopo wa benki, kama kuna zuio. Muda wa hati uangalie kwa macho yako. Kisheria ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na sisi tunamilikishwa kwa miaka: 33, 66 au 99. Babu aliyepewa miaka 33 zamani, huenda hati yake imebaki karatasi ya kufungia vitumbua. Uliza pia kodi ya pango la ardhi, inadaiwa ya miaka mingapi? Familia zinazogombana hazilipi kodi, kila mmoja anamngoja mwenzake. Kodi ya majengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, hiyo haitakusumbua sana.

Mpeleke na mpimaji akatafute bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja. Ngamiani nyumba zimegusana miaka mingi na ukuta wa uani husogea taratibu, tofali moja kwa kila mazishi.

Halafu fundi. Si fundi wa dalali, wako, umtoe hata Korogwe kwenu. Mwambie apande juu aone kenchi na boriti kama mchwa hawajakula, maana bati jipya hufunika mbao iliyooza kama kanga mpya. Chini aangalie kuta. Nyumba kongwe za hapa nyingine ni mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine ni udongo na fito zilizopigwa plasta ya saruji juu. Plasta ikiwa imepigwa mwezi jana kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti tu, kuta nne zote, hapo kuna chumvi inapanda na mtu amekufichia. Gonga, usikie. Umeme nao muulize nani aliuunganisha, kama ni kishoka au TANESCO.

Bomba la mafuta. Ni kweli lipo. Linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, na jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017. Tangu siku hiyo kila dalali wa Tanga ana mnunuzi wa Dar. Huyo mnunuzi wa Dar nimemsikia miaka yote hii, sijawahi kumwona hata kivuli. Kama yupo na anataka nyumba isiyo na barua ya mirathi, mwachie.

Nusu ya wiki hii usilipe. Yote yakikaa sawa, wakili wako aandike mkataba, maana uuzaji wa ardhi usioandikwa hausimami. Kama muuzaji naye ana mke anayeishi humo, mke asaini. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, na hakimu hatakuonea huruma ukisema hukujua kuwa ameoa. Lipa benki, akaunti ya msimamizi, si noti kwenye mfuko wa rambo. Ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani, jiandae nao wewe. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, lakini bila karatasi ya TRA uhamisho wako hausogei, kwa hiyo iandikeni kwenye mkataba nani analipa na lini. Nimeona nyumba iliyolipiwa yote ikakaa miaka miwili bila kuhama jina kwa sababu wauzaji walishagawana na hakuna aliyebakiza ya kodi.

Na kuhusu mkeo anayesita: nenda naye. Aingie yeye uani bila wewe, akaongee na wanawake. Uani ndiko nyumba inakosema.

Habari za kazi Bibi. Nimepata nyumba ghorofa ya kwanza katikati ya mji, ina roshani ya mbao inayotazama barabara, vyumba virefu, dari la juu sana. Anauza kwa bei ya chini mno. Anasema tutaandikiana tu, wenye jengo hawana shida. Nichangamkie? — Kijana wa simu, Kariakoo

Hukuniamkia, lakini nitakujibu.

Hiyo unayouziwa si nyumba, ni kilemba. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha mijini, yakaenda chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Katikati ya Tanga yale majengo yenye roshani za kupendeza, ambayo kila mpiga picha anayeshuka hapa anayakimbilia, mengi ni ya shirika. Anayekaa ndani ni mpangaji. Mpangaji anapokuuzia, anakuuzia kuondoka kwake. Unampa kilemba, anachukua vitanda vyake, na wewe unabaki na roshani na mkataba usio na jina lako. Shirika likija na daftari lao, hakuna mlichoandikiana.

Nenda ofisi ya shirika ukaulize jengo ni la nani. Kama unataka kupanga, omba kwa jina lako. Roshani utaikalia vilevile na kahawa itakuwa ileile.

Shikamoo Bibi Karani. Nahamishiwa Tanga kikazi, sina familia, na sijui kupika zaidi ya mayai. Huku kwetu nimezoea ndizi na nyama. Nitakula wapi na nitakula nini? — Mhasibu, Moshi

Marahaba mjukuu wangu. Umeniuliza jambo la maana kuliko wote hapa, na wewe utanenepa.

Asubuhi usile hotelini. Tafuta mwanamke anayepika barazani kwake, na utamjua kwa foleni ya watoto wenye bakuli. Mkate wa ajemi wa moto na maharage ya nazi, au mahamri na mbaazi za nazi. Vitumbua vile vya mchele, ukingo mkavu na kati laini. Kitumbua kikikaa mpaka saa tatu kimeshakuwa kitu kingine, kwa hiyo amka. Chai ya maziwa iombe yenye iliki. Maziwa hapa si shida, ng'ombe wa mkoa huu wanajulikana, na mtindi utaupata kila kona.

Mchana ofisini watakupeleka kwa mama ntilie. Agiza wali wa nazi. Ukiambiwa leo wali ni wa mafuta, shukuru na uende kwa mwingine. Samaki muulize jina lake. Changu na tasi kwa mchuzi wa nazi, kolekole na nguru kwa kukaanga au kupaka. Akikwambia "samaki tu", huyo amelala kwenye barafu tangu juzi.

Ukianza kununua mwenyewe, shuka soko la Deep Sea mashua zinapoingia, na ujifunze mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, hivyo mbalamwezi ikijaa usitegemee dagaa wazuri. Pweza ni wa bamvua, maji yanapokauka sana mwamba ukabaki wazi, wanawake na vijana wanatembea juu yake na vijiti wakichokoa mashimo. Siku hizo bei hushuka. Pweza usimchemshe na chumvi, atakuwa ndala. Mpige kwanza, mchemshe kwa maji yake mwenyewe, tui liingie mwisho. Kipindi cha kusi bahari ikichafuka samaki hupungua na kila mtu hununa. Hapo utakula maharage na hutakufa.

Jioni ndiyo Tanga yenyewe. Jua likishatua, jiko la mkaa linatoka nje: mihogo ya kukaanga na chachandu, mishikaki, kachori, supu ya pweza kwenye vikombe. Unakula umesimama, unaongea na mtu usiyemjua kuhusu penalti iliyokataliwa pale Mkwakwani. Msimu wa machungwa ya Muheza ukifika, nunua kwa fungu, yamenywe pale pale, ule njiani.

Ndizi na nyama? Wachaga wapo hapa tangu reli yetu ilipofika Moshi, miaka zaidi ya mia. Utawapata. Ila nipe miezi mitatu kwanza, na mwezi wa Ramadhani ukifika, usijifungie ndani na mayai yako kwa kuwa wewe hufungi. Saa ya kufuturu, jirani atatuma mtoto na sinia. Lipokee kwa mikono miwili, na sinia la watu halirudi tupu.

Bibi, dalali ananidai hela kabla hajanionyesha nyumba, eti ya usumbufu. Nilipe? — Fundi cherehani, Muheza

Nauli ya bodaboda mpe. Zaidi ya hapo, atalipwa nyumba ikipatikana, na mwandikiane kiasi mapema. Na mwenyekiti wa mtaa akikwambia ana asilimia 10 yake ya mauzo, mwombe akuonyeshe kifungu. Sisi ofisini tulikitafuta miaka 31.

Shikamoo Bibi. Kuna shamba la minazi Sahare, linagusa bahari kabisa, wanakata viwanja. Nataka kujenga nyumba ya kustaafia, niamke nisikie mawimbi. — Askari mstaafu mtarajiwa, Dodoma

Marahaba baba. Mawimbi utayasikia, ila kwa mbali kidogo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Pima mwenyewe kwa kamba. Ukikuta kiwanja chote kimelala ndani ya hizo mita, unauziwa mandhari.

Jambo la pili ni minazi. Kwa mila za pwani mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Unaweza kununua ardhi kihalali ukaamka asubuhi umkute mzee juu ya mnazi anaangua madafu, naye ana haki kuliko wewe. Ihesabuni minazi kwenye mkataba, mmoja mmoja, na mwenye miti asaini au alipwe fidia yake.

Nondo za nyumba ya baharini zifunike kwa zege la kutosha, na mchanga wa pwani usiutie kwenye saruji hata fundi akikuapia. Chumvi itakula nondo na ukuta utapasuka kabla hujapokea pensheni ya mwaka wa tano.

Bibi Karani, nilisoma jibu lako la mwaka jana kuhusu nyumba za Ngamiani nikanunua, na nashukuru, mirathi ilikuwa safi. Sasa nataka kuvunja baraza nijenge fremu mbili za maduka. Majirani wamenuna. Nyumba si yangu? — Mwenye nyumba mpya, Ngamiani

Nyumba ni yako. Baraza ni yako kwenye ramani.

Kwanza mambo ya ofisi: unahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri ya jiji, na kama hati inasema makazi, utaomba kubadili matumizi ya ardhi kabla hujaita fundi. Angalia pia hifadhi ya barabara, maana baraza nyingi za zamani zimekaa juu yake kwa kuvumiliwa, na fremu ya tofali haivumiliwi.

Sasa nikuulize. Nyumba hiyo naijua, umeieleza vizuri mno kwenye barua. Barazani hapo kulikuwa na bao limechongwa kwenye saruji yenyewe, mashimo ya kete yamelainika kama sahani. Ulipokuja kuulizia nyumba, wale wazee waliokwambia mirathi ni safi, walikuwa wameketi wapi?

Fremu moja inatosha. Ijenge upande wa kushoto, kwenye dirisha la chumba cha mbele, toboa mlango wa duka pale, na paa lisogeze liifunike baraza iliyobaki ili mvua isiwapige. Kodi ya fremu moja utaipata, na mlinzi wa duka lako mchana kutwa utakuwa naye bure, watano, na kete zao. Fundi aliyenipigia mlango wa namna hiyo nyumbani kwangu bado yuko hai, anakaa karibu na soko la Mgandini. Pita kwangu Ijumaa baada ya swala nikupeleke, lakini uje na mkeo, nimeambiwa anapika mkate wa kumimina.